Jinsi Baba Alivyobonyeza Mkia wa Ndege Bila Kuugusa

Kwenu marafiki na majirani wa Uyole, nawasalimu kwa heshima.

Madhumuni ya andiko hili ni kueleza jinsi baba yangu mzazi alivyoiharibu ndege yangu leo asubuhi, bila kuigusa.

Ndege hiyo, kama mnavyofahamu, naijenga mwenyewe uani. Mimi hugonga ribiti, vile vipini vya kuunganishia mabati, kwa nje. Mke wangu hukaa ndani ya mkia, akikaza kipande cha chuma upande wa pili ili ribiti ipondeke sawasawa.

Baba akaingia ghafla, akitokea Tukuyu.

Nanyi mwajua: kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkamwana na baba mkwe hawaonani.

Mke wangu akaachia chuma, akajikunyata humo humo. Nyundo yangu ikapiga bati tupu.

Bati likabonyea.

Baba akavuta kigoda, akaketi mbele ya tundu la mkia.

"Debe langu la maji lina sura nzuri kuliko hiki," akasema. "Na humo ndani nani anakohoa?"

"Mkamwana wako, baba."

Baba, mkaguzi wetu jasiri, akaruka, akageukia ukuta. "Mwambie atoke! Mimi sioni kitu!"

Mke wangu akatoka mbio.

Sasa baba anakaa mwezi mzima, na ameahidi kukagua kazi kila siku. Mke wangu naye amenijulisha, kwa ukali, kwamba harudi mkiani mzee akiwapo. Mwingine wa kushika chuma sinaye.

Naomba uamuzi wenu: nimrudishe baba Tukuyu, au nisimamishe ujenzi?