Habari ya Mwili

Kwanza nilisikia kitunga kikiburutwa barazani, kabla sijamwona mwenyewe. Kisha akaingia mama muuza samaki kutoka Kongo, kitenge amekikaza tumboni.

Naikumbuka mno miezi ile ya miaka ya sabini, katika kliniki ndogo ya kando ya ziwa, upande wa Nchelenge: dirisha lililoleta harufu ya chisense, dagaa wetu wa Mweru, wakikauka mchangani, na meza yangu yenye karatasi za daktari. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza waliopasuliwa ngiri wanajionaje baada ya miezi sita. Wengine walipasuliwa hospitali ya kwetu, wengine ile ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na daktari alitaka kuzilinganisha hizo mbili kwa maneno ya wagonjwa wenyewe. Aliyeandikwa "amepona" hakuitwa tena.

"Habari ya mwili, mama?"

"Muzuri, mwana yangu."

Nikaandika: amepona. Ndivyo nilivyowaandika karibu wote, wasemao Kibemba na wasemao Kiswahili, nikijivunia mwandiko wangu.

Akakohoa, akajishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mama, mbona unavuta kitunga? Hubebi?"

"Kubeba siwezi. Tangu mvua, ile uvimbe ilirudia."

"Lakini umesema muzuri!"

Akacheka mpaka akajishika tena. "We, mutoto ya masomo! Ulinisalimia, nikaitika. Kwenu mutu akisalimiwa anajibu ugonjwa?"

Uso uliniwaka. Daktari alikuwa chumba cha pili akifunga mizigo. Adhuhuri angeondoka na karatasi zangu, na mama huyu angebaki na uvimbe wake. Nikalikata kwa kalamu lile neno amepona, nikauliza upya: unanyanyua nini, unalala upande gani, maumivu yanaanza ukifanya kazi gani. Alijibu kirefu, akiegemea meza, mpaka karatasi ikajaa nyuma na mbele.

Daktari aliisoma, akamlaza mama kitandani, akaugusa uvimbe, akaandika barua: apasuliwe tena wiki hiyohiyo. Mama akaifunga barua kwenye pindo la kitenge.

"Na bale bengine," akaniuliza akiwa kizingitini, "nabo ulibasalimia tu?"

Nikalitazama rundo la karatasi, safi, zote amepona, amepona. Mama akatikisa kichwa, akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.