Kilio cha Mwalimu wa Taaluma

Mwalimu wa taaluma alikuwa hawezi kunywa chai ya saa nne bila kunifanya kitafunwa. Nilikuwa nimetoka Voi kuja kujitolea kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari wilayani Kilwa, na yeye aliamini Mungu amemleta Mkenya ili ofisi ya walimu ichangamke. Aliiga mwendo wangu, akaiga ninavyoshika chaki. Nikinuna ananiambia, "Madamu, sisi na nyie watani," na wenzake wanacheka. Hayo yote niliyameza.

Kilichonikwama kooni ni kilio. Bibi yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, alifariki nikiwa na miezi miwili tu kazini. Simu iliingia wakati wa mapumziko, nikalia pale pale ofisini, kwa sauti, nimeng'ang'ania meza, namwita. Walimzika kabla sijapata ruhusa ya kusafiri. Wiki iliyofuata nilifika mlangoni mwa ofisi nikamsikia mwalimu wa taaluma akilia. Ameng'ang'ania meza ile ile, anamwita bibi yangu kwa sauti yangu, na walimu wamejiziba midomo wasicheke. Aliponiona hakuacha. Alimalizia hadi mwisho, kisha akajifuta macho yasiyo na machozi akaomba apitishiwe sukari.

Mimi si mtu wa kusamehe. Nilikaa nikimvizia miezi minne, namwamkia vizuri kila asubuhi.

Jirani yangu, mama mmoja anayekaanga samaki, ndiye aliyenipa silaha bila kujua. Baba mzazi wa mwalimu alifariki kijijini kwao, Njinjo. Kabila la jirani na la mwalimu ni watani tangu enzi za mababu, na kwa desturi yao mtani ndiye anayechimba kaburi. Mume wa jirani alichimba. Alirudi na habari kwamba mwalimu alilia mpaka akaanguka ukingoni, kiatu chake kimoja kikatumbukia kaburini, ikabidi mtu ashuke kukitoa.

"Arobaini ni Jumamosi," jirani akasema. "Twende tukawaharibie. Tunawapaka unga, tunamwiga marehemu, tunawaiga na wafiwa wenyewe. Mfiwa akikasirika, aibu yake."

"Na mimi naruhusiwa?"

Alinitazama huku anageuza samaki. "Mkenya si mtani wa nchi nzima?"

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Wenzangu waliojitolea walikuwa wanakwenda kuogelea. Mimi siku tatu mfululizo nilikuwa nimejifungia chumbani, najifunza kulia mbele ya kioo.

Tuliondoka alfajiri, watu watatu juu ya pikipiki moja, dereva, jirani na mimi nyuma kabisa, nimepakata mfuko wa unga. Baada ya Nangurukuru tuliiacha lami, tukaanza kula vumbi, halafu tope. Mahali fulani dereva alizima injini ghafla akatunyamazisha kwa mkono. Tembo watatu walikuwa wanavuka barabara bila haraka, na mmoja akasimama katikati akatugeuzia uso. Jirani alianza kusoma dua. Mimi, Mungu anisamehe, niliwaza kitu kimoja tu, kwamba tembo yule asinicheleweshe. Mbele kidogo tulikuta korongo limefurika. Tukashuka, tukavuka kwa miguu, maji kiunoni, unga kichwani. Nilipoteza ndala moja na sikuisikitikia.

Tulifika hitima ikiwa imekwisha kusomwa, wali unapakuliwa. Watani walishateka masufuria. Mzee mmoja alikuwa amevaa kofia ya marehemu, anakohoa na kugombeza kuku kama marehemu, na watu hoi kwa kicheko. Jirani akanipaka unga usoni, akanisukuma katikati ya uwanja. "Huyu mtani ametoka Kenya," akatangaza, "ana salamu za mwalimu."

Mwalimu alikuwa amebeba sinia la wali. Nikamtazama usoni ili ajue kwamba nimemkusudia yeye. Kisha nikavuta suruali niliyoivaa chini ya gauni, vile anavyovuta ya kwake akiingia darasani, na kabla hawajamaliza kucheka nikajitupa chini. Nililia kwa sauti yake nzito. "Baba, umeniachia nani?" Nikaivua ndala iliyobaki, nikaitupa mbali, nikatambaa kuifuata, "Jamani, kiatu changu!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Mjane, mama yake mwalimu, alicheka mpaka akamwegemea mwenziwe. Mwalimu naye alitabasamu kama desturi inavyomtaka, na tabasamu lile likabaki usoni limesahauliwa. Nilifurahi. Nimejaribu tangu siku ile kuionea haya furaha hiyo, nimeshindwa.

Aliliweka sinia chini akaenda nyuma ya jiko. Baadaye nilikwenda huko kunawa unga usoni, nikamkuta amesimama, macho mekundu.

"Umejifunza lini, madamu?"

"Siku tatu. Mbele ya kioo."

Akatikisa kichwa. "Umenipata hasa. Hata sauti."

Nilimngoja aombe radhi. Nilikuwa nimeandaa jibu, tena kali, la kumfukuza nalo. Nilikuwa nimeandaa jingine endapo angenitukana. Akainama akachota maji kwenye pipa, akanimiminia mikononi polepole mpaka unga ukatoka.

"Bibi yako," akasema, "alikuwa anaumwa nini?"

Katika miezi yote ile hakuna mtu Kilwa nzima aliyeniuliza hivyo. Walinipa pole, wakaendelea na chai. Nilimchukia kwa kuwa wa kwanza. Nikakusudia kunyamaza, lakini nikajisikia nikisema ni kifua, kwamba kilianza msimu wa baridi, kwamba alikataa hospitali akitaka anisubiri nirudi ndipo nimpeleke mwenyewe. Hapo sauti ikanitoka. Nililia kama nilivyolia ofisini, nimeng'ang'ania pipa, na mtu niliyemfuata kote huko ili nimwone analia alisimama kando yangu na kata ya maji mkononi, akangoja nimalize.