Alhamisi za Mama Gerezani

Niliwahi kuwaonea wivu wafungwa, na sioni haya kusema. Ilikuwa Kolwezi, enzi za Zaïre, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Kila Alhamisi Mama alibeba sufuria ya bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaenda gerezani na akina mama wenzake wa parokia. Huko mtawa mmoja alikuwa amewakusanya wanaume sita waliofungwa kwa kubaka. Kwanza walikula sahani moja na akina mama, kisha kila mmoja aliulizwa: ulimfanya nini yule mwanamke, na leo yeye anaishi vipi? Aliyekwepa aliulizwa tena Alhamisi iliyofuata.

Mimi nilibaki nyumbani nikikwangua ukoko. Miaka miwili kabla ya hapo mwanaume mmoja, wala si katika hao sita, alinivamia nikitoka sokoni. Hakupatikana. Mama alinikanda kwa maji ya moto, akaninunulia kikwembe kipya cha kujifunga, asiulize neno. Kwetu ndivyo binti alivyofunikiwa aibu.

"Ule wa ku Lubudi leo alilia," Mama alisema jioni moja akitoka gerezani, uso umemnawiri. Mimi nami nilikuwa nalia kila siku, chumba cha pili. Huyo wa Lubudi ndiye niliyemchukia kuliko wote.

Alipofunguliwa alipata kazi ya kupakua magunia stesheni. Mtaa mzima ukamsubiri arudie. Mwaka ukapita, na wa pili, hakurudia. Alilishika sharti alilofundishwa Alhamisi zile: haingii ua wenye mwanamke peke yake; anasimama barabarani na kupiga hodi mpaka waitikie watu wawili.

Siku moja alisimama hivyo kwetu, ameleta samaki wa kumshukuru Mama. Nilikuwa peke yangu. Nikanyamaza makusudi, jua likamchoma karibu saa nzima. Hakusogea. Nilitamani asogee, Mungu anisamehe, Mama ajue kwamba Alhamisi zake zilikwenda bure.

Mama alimkuta pale pale, akamsifu, akampa maji. Alipokwisha kwenda nikasema, "Mama, ule mutu ulimuuliza miaka tatu. Na mi, siku yangu iko wapi?"

Aliweka samaki chini. Akaenda kuwasha moto.

"Ngoya nipike bukari kwanza," alisema. "Tutakula mu sahani moya."