Maji Yasiyo na Mwani

Harufu ya kijani ndiyo inayonirudisha Kolwezi ya utoto wangu, kusini mwa Kongo: harufu ya pipa letu la maji nyuma ya jiko, ubichi wa majani, tope, na samaki kwa mbali. Mabomba ya mtaani yalitoa maji siku mbili, yakakauka siku tano, kwa sababu kampuni ya mgodi wa shaba iliyotulisha sote ilikuwa inaanguka, na pampu zake zilianguka nayo. Tuliweka akiba kwenye pipa, na kuta za pipa zikaota utelezi wa kijani. Kila Jumamosi Mama aliusugua kwa mchanga na gunzi la mahindi, huku akiulaani. Kwake yeye, kijani ndani ya maji ni uchafu, basi. Nami niliamini hivyo, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Aliyembishia ni Mwalimu Mbuyi, jirani yetu, aliyenifundisha darasa la tano. Siku moja alitia kijiko kwenye chupa ya maua iliyokuwa dirishani, akatoa nyuzi za kijani, akaandika ubaoni: algue. Alisema Wafaransa walirithi neno hilo kwa Warumi, ambao waliyaita hivyo majani ya baharini. Watu wa pwani husema mwani, jina nililolijua ukubwani. Sisi tusioiona bahari tulisema utelezi tu. Mwani, alieleza, hauna mzizi wala shina wala jani la kweli, lakini hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, huwapa samaki hewa ndani ya maji, na samaki wengine huula. Kisha akaongeza jambo la kwetu hasa: shaba ikizidi majini, huua mwani. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri, nikapata tisa kwa kumi, nikasahau.

Mwaka uliofuata wakubwa wa jimbo letu, Katanga, waliwachochea watu wawafukuze wenye asili ya Kasai, jimbo jirani. Mwalimu Mbuyi alizaliwa Kolwezi, lakini babu yake alitoka Kasai, na hilo lilitosha. Sisi wenye asili ya kaskazini mwa Katanga tuliambiwa kwamba sasa kazi na nyumba ni zetu. Baba hakumpiga mtu, wala hakumtetea mtu. Alifunga mlango, akaongeza sauti ya redio. Mwalimu, mkewe Mama Ngalula na mtoto wao mchanga walilala wiki tatu kwenye uwanja wa stesheni, pamoja na jamaa nyingi nyingine, wakingoja treni.

Nilipita pale nikitoka sokoni, nikamwona Mama Ngalula akichota maji kwenye dimbwi la kijani kando ya reli ili akayachemshe. Roho iliniuma. Nilijua mahali penye maji mazuri, nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodi: maji ya samawati, unaona mawe hadi chini. Nilikimbilia nyumbani kuchukua ndoo, nikaenda kuyachota, nikarudi nayo kichwani, shingo inauma, nimejaa furaha ya mtenda wema.

Mama Ngalula alipoona rangi ya maji yale alirudi nyuma, akamkumbatia mwanawe. "Balimutuma!" alipiga kelele kwa Kiswahili cha kwetu. "Banataka kutumaliza na batoto yetu!" Wanawake wakanizunguka, mmoja akanikamata mkono kwa nguvu. Uvumi wa sumu ulikuwa umezunguka pale siku nyingi, na mimi nilikuwa mtoto wa waliowafukuza. Niliogopa mpaka nikajikojolea.

Mwalimu akaja, akachungulia ndoo. "Umechota wapi, mama?" aliniuliza taratibu, akiniita vile tunavyowaita wasichana kwa upole. Nikamwambia.

"Pale kuko algue?"

Nikafikiri. Hapakuwa na hata uzi mmoja wa kijani, wala kiluwiluwi. "Hakuna, Mwalimu."

"Kama algue inashindwa kuishi mule, mutoto yangu ataishi?" Kisha akawageukia wanawake. "Mumuache. Ni mutoto wa mu classe yangu. Alisahau leçon ya algue, njo ile tu, basi." Akayamwaga maji kwenye kokoto za reli, akanipa ndoo yangu, akaniambia nipitie njia ya kanisani, kusiko na watu wengi.

Treni iliwachukua siku tatu baadaye. Sikwenda kuwaaga; niliona haya. Darasa lake lilikaa bila mwalimu mwaka mzima, na ile neema tuliyoahidiwa haikufika, maana mgodi uliendelea kuanguka hata bila wao. Leo Kolwezi ina migodi mipya na magari makubwa usiku na mchana, na watoto bado hupenda maji ya samawati. Mimi ni mwalimu sasa. Huwapeleka wanafunzi wangu mtaroni waguse mwani kwa vidole, kwa sababu daftari peke yake halikunisaidia. Huniuliza nani alinifundisha, nami huwatajia jina lake. Wakiuliza yuko wapi, huwaambia kweli: tulimfukuza, na alipokuwa akingoja kuondoka, alinizuia nisimwue mwanawe, kisha akawazuia watu wake wasinipige.