Sabuni ya Jirani Yangu wa Kitandani

Hapa nyumba ya wazee, nyuma huku Diani, nalala chumba kimoja na mama mmoja wa Mkwiro. Kiharusi kimemuua miguu, na mkojo humtoka mwenyewe hana habari. Mimi wangu bado nausikia, ndiyo maana nina mdomo wa kumtania.

Ikiadhiniwa tu, utamsikia: "We mwanangu! Njoo unioshe! Sugua, sugua, mimi nasimama mbele ya Mola!" Kila swala, sabuni ya mche na dodoki. Msichana anayetuuguza, wa bara huyo, analia naye: "Aki shosho, ngozi itatoka! Wacha nikuoshe na maji tu, nikukaushe pole pole, nikupake mafuta." Mafuta hataki hata kuyaona. "Mafuta yashika najisi, yataka niende motoni nang'ara?"

Nikamwambia, "Shoga, hilo tako si sufuria."

"Nyamaza wewe, kikavu!"

Tulicheka. Kisha ngozi ikawa nyekundu, ikachubuka, ikatoa maji. Akafanya jambo baya zaidi, akaacha kunywa maji ili asikojoe. Mkojo ukawa mzito, mkali, ukimgusa anapiga ukelele.

Nesi alipoletwa alimfunua, akafunika, akasema kwa ile sauti yao ya kuhesabu vidonge: "Mama, mkojo umekuchoma na sabuni imemalizia. Maji matupu. Usisuguliwe. Mafuta mazito kila ukibadilishwa. Nguo mbichi usikae nayo. Na maji unywe." Akajibiwa, "Nawe utaniswalia?"

Basi msichana, Mkristo yule, akaenda mwenyewe msikitini kumwita shehe. Shehe akaja, akasimama mlangoni, macho chini, sauti puani: "Mama yangu, mkojo usiozuilika ni udhuru. Oshwa kwa upole unavyoweza, tawadha swala ikiingia, uswali. Mafuta hayabatilishi kitu. Kujiumiza, hilo hukuamrishwa."

Akakubali. Akapakwa, akanywa maji. Lakini pale juu ya mfupa wa kiuno palikuwa pameshafanya shimo. Likifunuliwa mimi hugeukia ukutani, na harufu hunifuata huko huko.

Juzi alasiri, msichana kamgeuza ubavu, kidonda kinaoshwa, shoga yangu kanishika kanga.

"Shoga. Yule shehe hakunambia vile kwa kunihurumia?"

"Shehe gani ana huruma?"

Hakucheka. "Basi nambie tena. Kwa sauti yake."

Nikabana pua, nikayasema yote, udhuru, upole, mafuta. Sikuongeza utani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatawadhishwa palepale kitandani, akainua mikono, akaanza swala, rukuu na sujudu kwa macho.

Hajafika rakaa ya pili, shuka limeshalowa. Msichana akaniangalia. Nikamwashiria, mwache amalize.