Programu Iliyojua Tableti Pekee

Nilikuwa nikipokea maziwa ya wakulima karibu na Kesses. Mkulima asipoandikwa kwenye programu, lori haliyabebi maziwa yake. Tableti yetu iliharibika, nikatumia simu yangu, na kumbe kwenye simu kitufe cha kuhifadhi hakionekani kabisa. Siku mbili mfululizo Mama mmoja alirudi nyumbani na mtungi umejaa.

"Vibuyu vyote vimejaa mursik niliyogandisha kwa maziwa uliyoyakataa," aliniambia. "Kesho maziwa niyaweke kwa gumbuti zangu za matope?"

Fundi aliyeitengeneza programu alikuja kutoka Eldoret. Nilimwonyesha simu, hata hakuitazama.

"Umesoma hadi wapi?" aliniuliza mbele ya wakulima.

"Darasa la nane."

"Ndiyo maana."

Mimi huogopa kusema, lakini hasira ilinisukuma. Nilimwekea simu mkononi. "Basi mwandike Mama huyu."

Alipapasa kioo juu na chini, akaigeuza simu, kitufe hakukipata.

"Na wewe, kijana, umesoma hadi wapi?" Mama akamuuliza.

Fundi alifungua kompyuta, akakiri kwamba programu aliitengeneza kwa tableti pekee, akairekebisha kabla lori halijaondoka. Maziwa ya Mama yalibebwa. Pole hakumpa mtu yeyote, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.