Uzi Mwekundu Mguuni

Kwetu Embu, kuhesabu viumbe hai ni mwiko. Nilipoatamisha mayai ya bata mwitu chini ya kuku wa mama, alinipa sharti hilo moja tu: nisihesabu vifaranga. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, kijana mwenye majivuno, na nilitaka kujua bata wa bwawani hukuaje akifugwa. Basi badala ya namba, niliwafunga nyuzi za rangi miguuni, rangi zikawa majina yao. Kila Jumamosi niliwapima kwa mizani ya shule, nikatia nukta kwenye karatasi ya mirabamraba, nikaziunganisha. Mstari wa Mwekundu ulipanda vizuri hata niliweza kubashiri uzito wake wiki moja mbele.

"Mstari huu usianguke tu," nilimwambia mama kwa majigambo. Akaniambia nikanawe mikono.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji waliojificha mlimani. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji chenye handaki na lango moja, na homgadi, askari wenyeji wa serikali, walipekua nyumba wakati wowote walipotaka. Siku walipoikuta karatasi yangu, mkubwa wao aliisoma kwa sauti: Mwekundu, Mweusi, Manjano.

"Hawa ni akina nani, mwalimu? Na hii mistari inapanda mlima, sivyo?"

"Ni bata, afande."

"Bata wako na majina ya siri?"

Hakuna aliyecheka. Niliwajua watu waliochukuliwa kwa karatasi ndogo kuliko ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi. Nilianza kumsihi, nikiona aibu kwa kuwa mama alikuwa akitazama.

Walinifungia kambini kwao siku tatu. Siku hizo hizo kijiji kizima kiliadhibiwa: lango lilifungwa, mtu asiende shambani wala mtoni. Jumamosi akaja Bwana Shauri, mzungu aliyetawala sehemu zetu. Aliiweka karatasi mezani.

"Kama kweli ni bata, sema Mwekundu ana uzito gani leo. Ukikosa, unakwenda kizuizini."

Mstari ulisema ratili mbili kasoro wakia mbili. Lakini mstari ule ulikuwa wa bata anayekula. Aliyeshinda na njaa siku tatu hupungua, na sikujua hupungua kiasi gani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikautaja uzito wa mstari, maana sikuwa na kingine cha kushika.

Homgadi alienda kuleta bata na mizani. Walipomweka Mwekundu kwenye sahani ya mizani, nilifumba macho. Nikamsikia Bwana Shauri akiguna, nikatazama. Mizani ilikuwa palepale niliposema. Alinirudishia karatasi, akanionyesha mlango kwa kidole.

Nilimkuta mama ameketi kando ya tundu la bata. Hata sikumsalimu, nilimuuliza bata walikuwa wamekula nini.

"Mahindi."

"Mahindi gani, mama? Nyumbani kulibaki kibaba kimoja."

"Si ulisema mstari usianguke, mwana wangu?"

Alitaka kuinuka anipokee, akashindwa. Nilimshika mikono nikamwinua, naye akaja juu bila uzito wowote. Mimi niliyejua wakia za kila bata, sikuwa nimeona jinsi mama alivyokonda.